Saini ya Mwisho ya Askofu Hosius



Mwaka 2025 Kanisa liliadhimisha miaka 1700 tangu Mtaguso wa Nisea, na bila shaka parokiani kwenu, kama kwetu, mlisikia habari za maaskofu waliokutana mwaka 325 kukiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Maneno hayo tunayakiri Dominika kwa Dominika, wakati mwingine akili zetu zikiwa zimeshafika kwenye chakula cha mchana. Lakini ni wachache wanaomjua askofu ambaye jina lake linatangulia katika orodha ya waliotia saini. Aliitwa Hosius, askofu wa Cordoba, mji wa kusini mwa Hispania. Na wachache zaidi wanajua kwamba mwaka 357, miaka 32 baada ya Nisea, mzee huyohuyo alitia saini hati nyingine, iliyokataza kulitumia lile neno la Kigiriki, homoousios, ambalo sisi tunalisali kwa Kiswahili kama "umungu mmoja".

Ndiyo, mtu yuleyule. Hakuna Hosius wa pili.

Mimi ni frateri. Nimemaliza falsafa, na Mungu akijalia, miaka michache ijayo, kabla ya ushemasi, nitasimama mbele ya altare nikiri imani kwa maneno yaleyale ya Nisea, kisha niinamie meza na kutia saini kiapo cha uaminifu. Kwa hiyo habari ya Hosius kwangu si historia ya kujibia mtihani tu. Nataka kujua saini ya mtu ina uzito gani. Je, ile ya mwisho inazifuta za kwanza? Na mtu akisaini kwa hofu, tuseme ni yeye aliyesaini, au tuseme ni hofu?

Ili kumwelewa Hosius inabidi turudi nyuma karibu miaka mia, kwa sababu Wakristo wa Iberia (yaani Hispania na Ureno za leo) walikuwa na kidonda cha zamani kuhusu karatasi na saini.

Mwanzoni mwa mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote wa dola ya Roma watoe sadaka kwa miungu, na kila aliyetoa apewe cheti. Vyeti vya namna hiyo zaidi ya 40 vimepatikana Misri, vikiwa vimehifadhiwa na mchanga mkavu. Nilipoona picha ya kimojawapo nilishangaa kwa jinsi kilivyo cha kawaida, kama fomu ya serikali za mitaa. Jina la mtu, kijiji chake, tamko kwamba siku zote ametoa sadaka na kwamba leo pia, mbele ya kamati, amemimina kinywaji, amechinja na ameonja nyama. Chini, saini za mashahidi. Imani inauliwa kwa fomu! Hakuna simba, hakuna moto, kuna karani tu amekaa na anataka kumaliza foleni.

Na wapo waliogundua njia ya mkato. Badala ya kwenda kuchinja, walitoa hela kidogo wakapewa cheti bila kufanya lolote. Vyeti feki tunavijua hata sisi, hatuhitaji kuelezwa. Mtu wa namna hiyo alijitetea kwamba hakufukiza ubani wala hakuonja nyama, alinunua karatasi tu, na moyoni bado ni Mkristo.

Kule Iberia, wawili kati ya walionunua karatasi hiyo walikuwa maaskofu. Mmoja ni Basilides, aliyewaongoza waamini wa León na Astorga, kaskazini. Mwingine ni Martialis wa Mérida. Martialis alikuwa na mengine: alihudhuria kwa muda mrefu karamu za chama cha mazishi cha wapagani na aliwazika wanawe katika makaburi yao kwa taratibu zao, tena alitamka mbele ya ofisa wa serikali kwamba amemkana Kristo. Basilides alipougua alimkufuru Mungu, na akakiri kwamba amefanya hivyo. Kwa hiari yake akauacha uaskofu aende akatubu, akisema itamtosha kama ataruhusiwa kukomunika kama mlei.

Mpaka hapo unamhurumia. Lakini wakati waamini wameshamchagua Sabinus mahali pake, na wale wa Mérida wameshampata Felix, Basilides alibadili nia. Alisafiri hadi Roma, akamweleza Papa Stefano habari upande mmoja, akatafuta arudishiwe kiti. Waamini wakabaki njia panda. Wafanye nini? Waliandika barua, na Sabinus na Felix wenyewe wakaipeleka ng'ambo ya bahari, Afrika, kwa Askofu Sipriani wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia.

Jibu lake tunalo. Ni barua ya 67 katika mkusanyo wa barua za Sipriani, na imeandikwa kwa jina la maaskofu 37 waliokutana Karthago, kwa kawaida inasemwa mwaka 254. Kinachonigusa ni anwani yake. Imeelekezwa kwa padri mmoja na waamini wa León na Astorga, na kwa shemasi mmoja na waamini wa Mérida. Yaani jumuiya ambazo maaskofu wao wameanguka, zikishikiliwa na padri, shemasi na walei, zinapata barua rasmi ya maaskofu 37 wa Afrika. Ni kati ya maandishi ya zamani kabisa tuliyo nayo kuhusu Ukristo wa Hispania, na yanatoka kwenye bara letu.

Sipriani anasema nini? Kwamba watu wa namna hiyo wanapokelewa kwenye toba, wala mlango haufungwi, kama Papa Korneli alivyokuwa ameshaamua pamoja na maaskofu wenzake. Ila wasirudi katika daraja. Na waamini wasidhani kwamba hawahusiki, kwa sababu wao wana uwezo wa kumchagua anayestahili na kumkataa asiyestahili. Kuhusu Papa Stefano anasema kwa heshima kwamba wa kulaumiwa zaidi ni aliyedanganya kuliko yule aliyedanganywa akiwa mbali.

Hapo kuna tofauti ambayo vijana wengi tunaichanganya, hata katika mahusiano yetu. Kusamehe ni jambo moja. Kumrudishia mtu funguo ni jambo lingine. Mweka hazina wa kwaya akila hela ya sare akatubu kweli, tunakaa naye, tunaimba naye, tunakula naye. Je, tunalazimika kumpa tena daftari la michango? Wapo wanaosema usipompa hujasamehe. Sidhani. Msamaha unamhusu yeye na dhambi yake, lakini daftari linawahusu pia wanakwaya wengine ambao hela zao zimo mle.

Najua mtauliza: na Petro je? Petro alimkana Bwana mara tatu, tena mbele ya mjakazi tu, na bado alikabidhiwa kondoo. Hoja hii nimeizungusha kichwani muda mrefu, na sijawahi kuona kwamba ni nyepesi. Jibu ninaloliona ni hili. Aliyemrudisha Petro aliuona moyo wa Petro, na hata hivyo alimuuliza mara tatu. Waamini wa Mérida hawakuwa na dirisha la kuchungulia moyo wa Martialis. Walichokiona ni cheti, karamu na makaburi, na baadaye wakamwona anagombania kiti. Petro hakwenda kwa mtu kudai nafasi yake. Alikuwa amerudi kuvua samaki.

Tena msimdhanie Sipriani kuwa mtu mgumu aliyekuwa akihukumu kutoka juu. Katika dhuluma ya Decius yeye mwenyewe alijificha, akaliongoza Kanisa lake kwa barua kutoka mafichoni, na wapo waliomsema kwa hilo. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, katika dhuluma iliyofuata, ile ya Kaisari Valeriani. Miezi minne baadaye ilifika zamu ya Hispania. Fruktuosi, askofu wa Tarragona, alikamatwa siku ya Jumapili na mashemasi wake Auguri na Eulogi, na Ijumaa ya tarehe 21 Januari 259 wote watatu wakachomwa moto uwanjani. Liwali alimuuliza kama yeye ni askofu, naye akajibu kwamba ndiye. Liwali akamrekebisha kwa neno moja tu, akilirudisha jibu lake katika wakati uliopita. Wakati anapelekwa uwanjani watu walimpa kinywaji kilichotiwa viungo, akakikataa kwa kuwa saa ya kufungulia mfungo ilikuwa bado. Jamani, mtu anakwenda kuchomwa na anaangalia saa ya mfungo! Magofu ya uwanja huo yapo hadi leo pale Tarragona, kando ya bahari, na ndani yake yamo mabaki ya kanisa lililojengwa baadaye mahali hapohapo.

Hosius alizaliwa karibu na miaka hiyo. Kwa hiyo alikulia kati ya watu waliokumbuka majina yote mawili, la Fruktuosi na la Martialis.

Saini ya kwanza ya Hosius tunayoijua iko kwenye sinodi ya Elvira, karibu na Granada ya leo, mwanzoni mwa karne ya nne. Walikuwepo maaskofu 19, na kanuni zinazobeba jina la sinodi hiyo ni 81. Kanuni ya kwanza kabisa inamhusu mtu mzima aliyebatizwa ambaye kisha anakwenda hekaluni kwa sanamu na kutoa sadaka. Adhabu yake ni kunyimwa Komunyo, hata saa ya kufa.

Hata saa ya kufa. Kuna kanuni nyingine kadhaa za Elvira zinazoishia hivyo, kuhusu dhambi nyingine. Ukisoma moja baada ya nyingine unapata picha ya jumuiya ndogo iliyotishika, inayojenga ukuta mnene kwa sababu ilishawahi kuuzwa na walinzi wake. Nawaelewa. Lakini sitawatetea. Kumnyima Komunyo mtu anayekata roho akilia dhambi yake ni kujifanya tunajua kwamba Mungu ameshamaliza naye.

Baada ya hapo Hosius aliteswa. Katika dhuluma kuu ya Diokletiano na Maksimiani aliikiri imani, ndiyo maana anaitwa muungamadini. Kisha mambo yakageuka, Konstantino akawa kaisari, na Hosius akawa mshauri wake. Mwaka 324 alitumwa Aleksandria kupatanisha ugomvi wa padri Ario na askofu wake, ikashindikana, na mwaka uliofuata ukaitishwa Mtaguso wa Nisea. Wengi wanaona kwamba ndiye aliyeuongoza.

Sasa angalieni kitu ambacho kwa kweli kilinifanya niandike makala hii. Kanuni ya 13 ya Nisea inasema kwamba mtu aliye katika kufa asinyimwe Komunyo ya pamba, yaani chakula cha safari ya mwisho, na inaiita hiyo sheria ya zamani. Aliyesaini Elvira kwamba wengine wanyimwe hata saa ya kufa, sasa jina lake linatangulia chini ya kanuni hii. Halafu kanuni ya 11 inawahusu walioanguka bila kulazimishwa, bila kunyang'anywa mali, bila hatari: hao wapewe miaka 12 ya toba kwa hatua. Mtaguso wenyewe umeona kwamba kuanguka bila kubanwa si sawa na kuanguka ukiwa umebanwa. Na kanuni ya 10 inabaki palepale kwa Sipriani: waliokana imani kisha wakapewa daraja, waondolewe.

Hosius alibadilishwa na nini kati ya Elvira na Nisea? Hakutuachia maelezo. Mimi nafikiri kuteswa kulimsaidia. Mtu aliyewahi kubanwa anajua mwenyewe alivyokaribia kusema ndiyo.

Tunafika kwa Konstansi, mwana wa Konstantino, kaisari aliyependelea upande wa Waario. Alitaka maaskofu wa magharibi wamhukumu Atanasi wa Aleksandria, mtetezi mkuu wa Nisea. Hosius alikuwa kikwazo, maana alikuwa askofu kwa zaidi ya miaka 60, na maaskofu wengi walimtazama yeye. Kaisari alimwita, akambembeleza, akamtisha kwa barua. Hosius akamjibu kwa barua ambayo Atanasi ametuhifadhia. Anamkumbusha kwamba aliikiri imani tangu enzi za Maksimiani, na yuko tayari tena. Anamwambia asijiingize katika mambo ya Kanisa, kwani Mungu amemkabidhi yeye ufalme, na mambo ya Kanisa amewakabidhi maaskofu. Nani leo angethubutu kumwandikia mkuu wa nchi hivyo, akiwa mzee wa karibu miaka mia? Kama kuna andiko moja ambalo kila kijana anayesomea siasa au sheria angepaswa kulitafuta, ni hilo.

Konstansi alimwita tena, safari hii hadi Sirmium, mji ambao leo ni Sremska Mitrovica nchini Serbia. Alimzuilia huko mwaka mzima. Atanasi anasema alipigwa, na ndugu zake wakaonewa. Mwaka 357 mzee akasaini.

Nilipoisimulia habari hii mezani seminarini, frateri mwenzangu mmoja, mtu wa hoja kali, alisema: "Angekufa mwaka 356 tungekuwa na litania yake. Bahati mbaya aliishi mwaka mmoja zaidi." Tulicheka, kisha meza ikanyamaza, kwa sababu ni kweli inayotisha. Je, utakatifu unategemea tarehe ya kufa? Fruktuosi alikaa kifungoni kutoka Jumapili hadi Ijumaa. Hosius alizuiliwa mwaka mzima, akiwa na umri ambao mwili hauna tena kitu cha kuegemea. Sisemi hivi kumpunguzia Fruktuosi taji lake. Nasema hatujui Fruktuosi angekuwaje mwezi wa kumi na mbili, naye mwenyewe hakujua, na nadhani asingetaka tumsifu kana kwamba alijua.

Aristotle alishaliona tatizo hili, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako. Anatoa mfano wa mabaharia wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Hakuna anayetupa mali yake kwa kupenda, lakini dhoruba ikija, mwenye akili anatupa. Je, ni kwa hiari? Anasema tendo hilo limechanganyika, ila limeelemea upande wa hiari, kwa sababu mkono unaotupa ni wa mtu mwenyewe. Na kabla ya mfano huo anataja mwingine: mtawala katili anayewashikilia wazazi na watoto wako, anakuamuru ufanye jambo la aibu. Hosius mtupu! Mtakatifu Thomas wa Akwino anakubaliana naye kwa lugha yake: linalofanywa kwa hofu, ukilitazama lilivyo pale na wakati ule, ni la hiari, si la hiari kwa upande fulani tu, yaani mtu asingelifanya kama kitisho kisingekuwepo.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba aliyesaini ni hofu. Hofu haina mkono. Hosius ndiye aliyeshika kalamu, na tendo lile lilikuwa baya, tena halikumdhuru yeye peke yake. Jina lake ndilo lililokuwa likitafutwa, kwa sababu hati yenye jina la mzee wa Nisea ingewayumbisha wengine. Hilari wa Poitiers aliiita hati hiyo kufuru, na akaibandika jina la Hosius pamoja na la Potamius, askofu wa Lisbon. Hilari alikuwa na haki ya kuumia. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa uhamishoni Frigia, mbali na jimbo lake, kwa sababu alikataa kukubali. Anayesema "mwacheni mzee wa watu" amwangalie kwanza Hilari machoni.

Lakini wafuasi wa msimamo mkali walikwenda mbali zaidi. Miaka ishirini na kitu baadaye mapadri wawili, Faustinus na Marcellinus, waliandika kwamba Hosius alirudi Hispania akiwa na nguvu za serikali, akataka kumwondoa Gregori, askofu wa Elvira, ambaye hakukubali kushirikiana naye; na pale alipofungua kinywa kutoa hukumu, shingo ikampinda, akaanguka. Simulizi hiyo haithibitishwi na Atanasi wala na Hilari. Ina ladha ya zile video za mtandaoni zenye kichwa cha "Mungu amemuumbua". Na angalieni jina la mji: Elvira, palepale iliposainiwa ile kanuni isiyo na saa ya mwisho.

Hapa ndipo nawageukia ninyi na mimi, watu wa skrinishoti. Sisi tunaweza kumhifadhi mtu katika dakika yake mbaya kuliko zote na kumwonyesha hiyo hiyo mpaka azeeke. Alichoandika binti mmoja akiwa na miaka 17, picha ya kijana akiwa amelewa, barua ya kujitoa wito iliyoandikwa usiku wa hasira. Tunasema, "Huyu ndiye yeye halisi." Kwa nini yule wa dakika ile awe halisi kuliko wa miaka 60? Kifalsafa hoja hiyo haina msingi wowote. Tendo la mwisho ni la mwisho kwa kalenda tu, halina mamlaka ya pekee juu ya matendo mengine, isipokuwa kama ndani yake mtu amegeuka kweli. Na kugeuka huko sisi tulio nje hatukuoni. Tunaweza kuliita tendo baya, baya. Tunaweza kukataa kumpa mtu ofisi. Kusema ndani yake hakujabaki kitu, hapo tumeingia chumba ambacho hatukupewa ufunguo wake.

Na kuhusu saini yangu nitakayoiweka siku ile? Zamani nilidhani nitakuwa nawaahidi watu kwamba mimi ni mtu wa aina ya Fruktuosi. Sasa sioni ni kwa uaminifu gani mtu wa miaka ishirini na kitu anaweza kuahidi hilo. Hosius naye alikuwa ameshafaulu mtihani mmoja, ule wa Maksimiani, na bado haukumkinga na wa pili. Ninachoweza kusaini ni kwamba imani hii ni ya kweli hata siku ambayo mimi nitashindwa kuibeba, na kwamba siku hiyo ikifika waamini wasinifuate, wafanye kama watu wa Mérida, wamtafute mwingine. Nilipomwambia hivyo mlezi wangu mmoja alitabasamu, akasema niendelee kusali.

Kalenda zetu hazikubaliani kuhusu huyu mzee. Fruktuosi tunamwadhimisha tarehe 21 Januari. Hosius hayumo katika orodha ya watakatifu wa Kanisa la Kilatini, ila Waorthodoksi wanamkumbuka kama mtakatifu tarehe 27 Agosti.

Alikufa muda mfupi baada ya kusaini. Habari za mwisho wake tunazipata kwa Atanasi, mtu ambaye ndiye hasa aliyekusudiwa kuangamizwa katika jambo zima. Wakati huo Atanasi alikuwa amefukuzwa jimboni, amejificha kwa wamonaki wa jangwa la Misri, askari wakimtafuta. Kutoka mafichoni aliandika kwamba mzee alilegea kwa muda tu, na kwamba hata katika kulegea alikataa kutia saini dhidi yake, Atanasi. Aliandika kwamba alipokaribia kufa, mzee alishuhudia kama mtu anayetoa wosia kwamba alilazimishwa kwa nguvu, akaulaani uzushi wa Ario na kuwakataza watu wasiupokee. Na kabla ya kuitaja saini, Atanasi aliandika kwanza habari za kipigo.